Kuni za Nyenje

Sura ya Tano

Inspekta Ilyasi Nzeyimana alikuwa amefungua daftari lake mbele ya mjane kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu mjane hakumpa neno la kuandika.

"Mama Umuhoza, pole tena," alisema kwa Kinyarwanda, amechuchumaa ili asimtazame kutoka juu. "Najua huu si wakati wa maswali. Nataka kujua tu ulisikia nini asubuhi ile."

Mukarugwiza alikuwa ameketi mkekani katika ua wa dada yake, Kibagabaga, katikati ya wanawake waliokuja kukaa naye msibani. Jumanne, kabla ya saa moja asubuhi, ng'ambo ya bonde, kilima cha Kinyinya kilikuwa kimemeguka juu ya nyumba yake. Yeye alikuwa kisimani. Mumewe Rugamba na binti yao wa miaka sita, Umuhoza, walikuwa ndani. Majirani walichimba mpaka adhuhuri, wakawatoa wote wawili, baba amemfunika mtoto kwa mgongo wake.

"Inspekta," alisema Mukarugwiza, "mimi na wewe tunafahamiana."

"Sidhani, mama."

"Basi."

Akageuza uso ukutani. Wanawake wawili wakatazamana, kisha wakatazama chini. Ilyasi alihisi masikio yanawaka moto. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na minne, kumi na saba kati ya hiyo ameitumikia ofisi ya mashtaka ya Kigali, na alizoea watu kumwogopa, kumdanganya, hata kumtukana. Kugeuziwa uso na mfiwa hakukuzoea. Akafunga daftari, akaaga, akapanda pikipiki ya ofisi.

Kesi yenyewe, ukiwauliza wakubwa, ilikuwa imekwisha. Ilikuwa Aprili ya mwaka tisini na mbili. Vita viko kaskazini, na mjini watu walikuwa wanaruka hata mlango ukijibamiza. Siku ya kwanza ikasemwa ni bomu, kwa kuwa majirani walisikia mlio. Ilyasi alikuwa amelitupa hilo siku hiyo hiyo: hapakuwa na shimo, hapakuwa na harufu, mabati ya paa hayakuwa na tundu hata moja. Ukuta wa juu ulilala ndani ya nyumba, wa chini ukalala nje. Kilichoisukuma nyumba ile kilitoka mlimani, na mlio ulikuwa wa mwamba kupasuka. Siku ya pili ofisa mmoja wa komuni, serikali ya pale, akapata jibu jingine. Akamkamata mchoma makaa aitwaye Silvère, ambaye tangu zamani alijulikana kwa kuiba miti ya kilima kile. Miti imekatwa, udongo umelegea, mvua imenyesha. Jalada lilisubiri sahihi ya Ilyasi tu.

Naye hakutaka kutia sahihi kabla ya kuona visiki.

Alimtoa Silvère mahabusu, akapanda naye kilimani pamoja na askari mmoja. Udongo ulikuwa mwekundu na mzito, unavuta viatu. Silvère, mtu mwembamba mwenye vidole vyeusi visivyosafishika tena, alitangulia na pingu zake bila kulalamika. Kiswahili chake alikiokota Bukavu, alikofanya kibarua ujanani.

"Afande, mimi iko mwizi," alisema. "Hiyo nakubali. Hata padri anajua. Lakini kuua watu, hapana."

"Ulikata miti mingapi?"

"Kumi na mbili. Tuseme kumi na tano. Shoka yangu iko moja, na mgongo yangu iko moja."

"Nionyeshe."

Silvère akamwonyesha. Visiki vya mikaratusi, kila kimoja kimechongwa mshazari pande mbili kama penseli, kazi ya shoka. Juu ya kila kisiki machipukizi yalikuwa yamefika magotini. Ilyasi alivihesabu: kumi na vinne. Vilikuwa vimetawanyika, kimoja huku, kingine kule, kama mtu anavyoiba akiwa na akili, asije akaacha uwazi unaoonekana barabarani.

Kisha akatazama sehemu nyingine ya mteremko. Pale palipokuwa na msitu hapakuwa na visiki kabisa. Palikuwa na mashimo. Mashimo makubwa, mengine mtu angeweza kusimama ndani hadi kiunoni, na yote yamejaa maji ya mvua.

"Hapa ulifanya nini?"

"Hapa si mimi."

"Kila mtu anasema ni wewe."

Silvère alitikisa kichwa, si kwa hasira, bali kama fundi anayeona kazi mbovu ya mwenzake. "Afande, kisiki mimi nafanya nayo nini? Kuchimba moja iko kazi ya siku mbili, na sururu. Halafu kisiki ukiiacha inazaa mti ingine. Mimi niking'oa kisiki, mwaka kesho nitaiba wapi?"

Askari akacheka. Ilyasi hakucheka. Lilikuwa jambo la kwanza lenye mantiki alilolisikia tangu Jumanne. Aliinama ukingoni mwa shimo, akakuta kipande cha mzizi mnene kilichokatwa kikabaki. Mkato wake ulikuwa bapa na laini. Msumeno, na wa watu wawili. Kutoka shimo hadi shimo kulikuwa na mtaro wa kitu kizito kilichoburutwa, na mitaro yote ilikutana kwenye njia moja ya mkokoteni iliyopanda kuelekea mgongo wa kilima. Juu huko, moshi mweupe ulikuwa unapanda kutoka mabomba matatu.

"Nani huko juu anahitaji visiki?" aliuliza.

"Kisiki inawaka pole pole. Siku mbili haizimi," alisema Silvère. "Mtu ya makaa haitaki. Mtu ya matofali haitaki. Ni mtu ambaye moto yake haipaswi kulala."

Walipokuwa wanashuka, askari aliteleza, mguu ukazama kwenye ufa. Ilyasi akaufuata ufa huo kwa miguu. Ulikatiza mteremko kama hatua sitini, na alipopiga magoti akaingiza mkono, mkono ulipita hadi begani bila kugusa chini. Maji yalisikika yakitembea ndani. Chini ya ufa, mkono wa kushoto wa ile nyumba iliyofukiwa, kulikuwa na nyumba nyingine sita. Watu walikuwa wanapika. Nguo zilikuwa zimeanikwa.

Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa mashariki.

*

Askari alimrudisha Silvère mahabusu, na Ilyasi akaufuata moshi hadi kwenye mradi wenye ubao wa rangi ya kijani langoni, na maneno kwa Kifaransa na Kinyarwanda: protini ya wadudu kwa lishe ya watoto. Ndani ya mabanda matatu marefu nyenje walikuwa wanaimba kwa maelfu, sauti moja isiyokatika. Walifugwa katika masanduku ya mbao, wamejificha kwenye karatasi za kubebea mayai, wanakula pumba. Baada ya wiki kadhaa walichemshwa, wakakaushwa kwenye matanuri, wakasagwa. Unga ulipelekwa kambini kwa waliokimbia vita vya kaskazini, ukachanganywa na uji wa watoto. Wanyarwanda hawali wadudu, na mtu akikwambia hali kitu huwa anamaanisha; kwa hiyo magunia hayakuandikwa nyenje. Yaliandikwa unga wa nguvu.

Penye mlango wa tanuri la kwanza alimkuta mwanamke aliyejifunga kanga kichwani, anasukuma moto kwa chuma. Mwanamke alimwona, akashtuka, akajaribu kugeuka.

"Asalaam aleikum, Leila."

"Waleikum salaam, kaka Ilyasi." Alikuwa jirani yake wa Biryogo, nyumba ya nne kutoka msikitini. "Tafadhali usiseme mtaani. Mama anajua niko kwenye duka la mikate."

"Sikuja kwa hilo. Moto huu unalala saa ngapi?"

"Haulali. Nyenje akipata baridi haimbi. Asipoimba hapati jike. Asipopata jike, hakuna unga." Aliifuta pua kwa kiganja. "Mchana tunatumia kuni za kawaida. Usiku ni visiki, maana kuni zinakufa kabla ya alfajiri. Kisiki kinakesha."

"Visiki vinatoka wapi?"

Leila akatazama mteremko, halafu akatazama viatu vyake. Tangu Jumanne, alisema, wanawake wa matanuri hawaimbi tena kazini. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake.

Ilyasi alikwenda ofisini kwa mkuu wa mradi. Gratien alikuwa bwana shamba aliyesoma Ubelgiji, mtu mpole, shati safi, kalamu mbili mfukoni. Alimpa mgeni kiti na chai kabla ya kumwuliza alichofuata. Nyuma ya meza yake, ukutani, kulikuwa na mchoro mkubwa wa rangi: ng'ombe upande mmoja, nyenje upande mwingine. Chini ya ng'ombe, ndoo nyingi za maji na eneo kubwa la malisho. Chini ya nyenje, ndoo moja na kipande cha ardhi kama leso. Mstari wa mwisho ulisema: kilo moja ya unga, kilo mbili za kuni.

"Hii ni kweli?" Ilyasi aliuliza.

"Kuhusu maji na malisho, kweli tupu. Nchi hii imejaa watu, Inspekta. Ng'ombe hana pa kukanyaga. Nyenje unamfuga kwenye sanduku, anakula makapi, na mtoto anapata nyama asiyoijua jina. Ndiyo maana nilirudi nyumbani."

"Na kuhusu kuni?"

"Imeandikwa hapo."

"Mna mizani?"

"Ya kupimia unga, ndiyo."

"Naomba mkokoteni wa kuni za leo upimwe."

Ilichukua karibu saa nzima. Leila na wenzake walipakua na kupima, fungu kwa fungu, visiki vikiwa bado na udongo mwekundu kwenye mizizi, na Ilyasi aliandika kila fungu mwenyewe. Kuni za siku moja: kilo mia nne na kumi. Kisha akaomba kuona unga wa jana. Kilo thelathini na nne.

Aliporudi ofisini Gratien alikuwa bado amesimama, chai yake haijaguswa.

"Kumi na mbili," alisema Ilyasi. "Si mbili."

"Nilipima mwezi wa saba, mwaka juzi," alisema Gratien. "Kiangazi. Tanuri moja, mabaki makavu ya mbao. Ilikuwa kilo mbili. Si uwongo."

"Ukapima tena lini?"

Nyenje waliimba ng'ambo ya ukuta.

"Sikupima tena."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilijua nitakachokuta." Aliketi polepole. "Wafadhili walitaka mabanda matatu. Banda moja moto wake ni mdogo. Matatu, kwenye baridi ya mvua… Nilisema tutapanda miti. Tulipanda. Ilikuwa na urefu huu." Akaonyesha kwa kidole gumba na cha shahada. "Nilisema visiki havina kazi, miti imeshakatwa, vioze bure kwa nini."

"Ng'ombe angekula majani ya kilima, bwana Gratien. Wewe umekula mizizi yake."

Gratien alikubali kwa kichwa. Kisha akasema neno ambalo Ilyasi angetembea nalo miaka mingi.

"Lakini niliacha. Novemba iliyopita niliacha kabisa. Yule mama, mke wa Rugamba, alikuja hapa akaniambia ardhi juu ya nyumba yake ina nyufa, na kwamba amepeleka barua kwenye ofisi ya mashtaka. Nikaogopa. Zaidi ya mwezi sikugusa kisiki. Kila pikipiki ikipanda nilikuwa nasimama dirishani. Nilikuwa nimeshajiandaa kueleza kila kitu." Alimtazama Ilyasi usoni. "Hakuja mtu. Januari nikasema, basi, serikali imesoma, imeona hakuna kosa."

Ilyasi aliandika sentensi hiyo. Mkono wake uliiandika vizuri, herufi kwa herufi. Halafu akamwambia Gratien asitoke Kigali, na kwamba kisiki kingine kisitolewe ardhini.

"Na moto?" Gratien aliuliza. "Nikiuzima, baada ya siku mbili nyenje wamekufa. Kambini kuna watoto mia tatu wanaokunywa uji huu. Niambie wewe. Niuzime?"

Ilyasi alifunga daftari. "Tafuta kuni za kununua, mbali na mlima huu," alisema hatimaye, na hata masikioni mwake mwenyewe lilisikika jibu la mtu anayekimbia.

*

Karani wa ofisi ya mashtaka aliitwa Donatille. Kila barua iliyoingia jengoni ilipita mikononi mwake. Ilyasi alipoingia ameloa jasho, mashine yake ya chapa ilinyamaza.

"Novemba," alisema Ilyasi. "Barua kutoka Kinyinya."

Donatille hakufungua daftari la usajili. Alivuta droo ya chini ya meza yake mwenyewe, akatoa karatasi moja, akaiweka juu ya mashine.

"Niliitoa kabatini Jumanne jioni," alisema. "Niliposikia jina la marehemu redioni."

"Leo ni Ijumaa."

"Ndiyo, bwana Inspekta. Nilitaka uikumbuke mwenyewe."

Ilikuwa ukurasa mmoja wa daftari la shule, mwandiko wa mwalimu fulani, alama ya kidole gumba cha mwombaji chini. Mradi wa wadudu unang'oa msitu juu yetu mpaka mizizi. Ardhi imepasuka juu ya nyumba yangu, paka wangu ametumbukia hajatoka. Naomba mtu mkubwa aje atazame kabla ya mvua kubwa. Pembeni, kwa wino wa bluu, palikuwa na maneno manne: Wadudu si kesi. Ihifadhiwe. Na chini ya hayo, sahihi iliyozungushwa mkia, sahihi ambayo Ilyasi alikuwa akijivunia tangu ujana.

Akakumbuka. Si yote, lakini ya kutosha. Ilikuwa saa ya chai. Alikuwa ameisoma barua kwa sauti mbele ya wenzake, akaigiza ile sehemu ya paka.

"Alikuwapo?" aliuliza. "Nilipoisoma?"

"Alikuwa amesimama mlangoni," alisema Donatille. "Hukumpa kiti. Mimi pia sikumpa. Na nilicheka, bwana Inspekta. Usinione mimi mwema."

Nje radi ilinguruma mbali, upande wa Byumba. Ilyasi akanyanyua simu, akapiga komuni. Ofisa aliyepatikana alisema kuhamisha familia sita kunahitaji barua, na barua zinatiwa sahihi Jumatatu. Ilyasi akaeleza ufa, urefu wake, kina chake. Ofisa akamkumbusha kwamba mhalifu ameshapatikana.

"Mhalifu mliye naye ni mwizi wa miti kumi na minne," alisema Ilyasi. "Mwachieni kwa dhamana yangu." Akakata simu. Akaikunja ile barua, akaitia mfuko wa shati, akarudi Kinyinya.

*

Wakazi wa nyumba sita hawakutaka kuhama.

Walikusanyika uani kwa mzee Ntamuhanga, fundi wa matofali, mkubwa wao kwa umri. Walimsikiliza Inspekta kwa adabu, jinsi mtu anavyosikiliza mvua ya jirani. Alieleza mradi wa nyenje na mashimo yake, maji yaliyojaa ndani, ufa uliomeza mkono wake. Alipomaliza, mzee Ntamuhanga alijikohoza.

"Bwana mkubwa, Jumanne serikali ilituambia ni bomu. Jumatano ikasema ni Silvère. Leo ni Ijumaa, umekuja na nyenje. Nihame kwa lipi kati ya hayo?"

"Hama kwa huu ufa, mzee. Twende ukautazame."

"Nyufa tumeziona sana. Nina mbuzi, nina maharage shambani. Tukitoka hapa usiku huu, kesho tutakuta nani amelala kwenye vitanda vyetu? Siku hizi watu wanaondolewa kwenye mashamba kwa sababu ndogo kuliko hii."

Watu wakaitikia. Mwanamke mmoja akaanza kuondoka, mtoto mgongoni. Tone la kwanza la mvua lilianguka kwenye bati, zito kama punje ya hindi.

Ilyasi aliingiza mkono mfukoni. Hakuwa amepanga kufanya hivyo. Barua ile ilikuwa imekusudiwa jalada, na majalada husomwa na watu wachache, tena polepole. Akaikunjua.

"Ngojeni," alisema. "Hii aliandika Mukarugwiza, Novemba. Aliileta ofisini kwangu."

Akaisoma. Aliisoma yote, kwa Kinyarwanda ilivyoandikwa: msitu, mizizi, nyumba, ufa. Alipofika kwa paka aliirudia sentensi hiyo polepole. Yule mwanamke mwenye mtoto alikuwa amesimama, hajageuka. Kisha Ilyasi akasoma maneno ya pembeni.

"Hayo ya mwisho," aliuliza mzee Ntamuhanga, "kaandika nani?"

"Mimi."

"Wewe uliyesimama hapa?"

"Mimi, mzee. Niliisoma kwa wenzangu tukacheka. Angekuja mtu Novemba, uchimbaji ungekoma. Hakuja mtu kwa sababu yangu. Rugamba na mtoto wake wamekufa kwa kitu nilichoambiwa miezi mitano kabla." Akaishusha barua. "Siwaombi mniheshimu. Nawaomba mlale shuleni."

Mvua iliongezeka. Mtu mmoja nyuma alitema mate chini, na hakuficha alimtemea nani. Ilyasi aliyaona mate yale, akabaki amesimama, barua mkononi inalowa.

Mzee Ntamuhanga aliinuka kwa fimbo yake.

"Mimi nimeona wakubwa wengi," alisema kwa watu wake, si kwake. "Mkubwa akidanganya, anajipamba. Sijaona mkubwa anayekuja kujivua nguo mbele ya watoto ili tumwamini. Huyu ameona kitu. Fungeni mbuzi."

Walihama kwa miguu, magodoro kichwani, vyungu mikononi, hadi shule ya msingi ng'ambo ya barabara. Ilyasi alibeba mlango wa mtu, maana mwenyewe alikataa kuuacha.

Mvua ilinyesha usiku kucha, na Jumamosi kutwa. Jumapili, saa nne asubuhi, wakati wengine wako misani, kilima kilishuka mara ya pili. Kilichukua nyumba tatu kati ya sita, jiko la mzee Ntamuhanga na shamba lake lote la maharage. Mtu hakufa hata mmoja. Watu walisimama barabarani wakitazama tope lilipolala, na mzee Ntamuhanga aliuliza tu kama kuna aliyemwona jogoo wake.

Juu mgongoni mwa kilima, mabomba mawili yalikuwa yamezimwa. La tatu lilitoa moshi.

*

Jumatatu Ilyasi alimpa mkuu wake jalada. Ndani yake mlikuwamo vipimo vya kuni, maelezo ya Gratien, ya Leila, ya Silvère, na ile barua, imekaushwa kwa pasi. Mlikuwamo pia karatasi moja ambamo yeye mwenyewe alijitaja kama shahidi, na kama mtu wa kujibu. Mkuu aliisoma karatasi hiyo mara mbili, akauliza kama ni lazima iwemo. Ilyasi akasema ni lazima. Mkuu akasema basi itabidi kesi aichukue mtu mwingine, na kuhusu mengine yatazungumzwa juu. Ilyasi akasema anaelewa.

Mchana alikwenda Kibagabaga, safari hii na Donatille. Msiba ulikuwa umepungua. Mikeka miwili tu ilibaki uani. Mukarugwiza alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Habari za Jumapili zilikuwa zimemfikia. Za Ijumaa pia, neno kwa neno, hata yale mate.

Ilyasi alivua kofia.

"Ulisema tunafahamiana," alisema. "Nikasema sidhani."

Mukarugwiza aliendelea kuchambua.

"Nilikuona, mama. Novemba. Nilikuona nikakusahau, na hilo ni baya kuliko kutokukuona. Sina la kukupa. Nimekuja kukwambia kwamba nimeyaandika, yako kwenye jalada, na jina langu limo."

Mukarugwiza aliokota jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa. "Na wale wa nyumba sita, wote wazima?"

"Wote."

"Hata yule mtoto wa mgongoni?"

"Hata yeye."

Mukarugwiza aliacha kuchambua. Machozi yalimtoka bila sauti, akayaacha yashuke. Halafu akaweka ungo pembeni, akapangusa mikono kwenye kitenge.

"Sasa nitatoa maelezo," alisema.

Ilyasi akarudi hatua moja nyuma. "Mimi siwezi kuyaandika tena, mama. Mimi sasa ni shahidi. Donatille ndiye atakayeandika."

"Aandike yeye." Mukarugwiza alinyoosha mkono kuelekea mkeka uliokuwa wazi mbele yake. "Wewe kaa hapo usikilize."

Alikaa. Donatille akafungua daftari, akaandika tarehe, akangoja.

"Ilikuwa Novemba," alianza Mukarugwiza. "Mume wangu alisema usiende, hawatakusikiliza. Mimi nikamwambia wale ni watu waliosoma."